Kulipokucha Ilikuwa Siku Gani?

Kliniki ya Mama na Mtoto
Musoma
Jumatano, 12 Juni 2024

Kwa wazazi wa Mtoto wa Faudhia,
Bunda.

YAH: KURUDIA KIPIMO CHA DAMU YA KISIGINO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi tarehe 8 Juni, saa nne asubuhi, mtoto wenu alitobolewa kisigino hapa kliniki na matone ya damu yake yakawekwa kwenye karatasi yenye duara nne. Karatasi ilikaushwa, ikapelekwa maabara Mwanza, na majibu yamerudi jana. Kipimo hiki kinaangalia kama tezi ya shingoni ya mtoto inafanya kazi. Ni tezi ndogo lakini ndiyo inayosukuma ukuaji wa mwili na akili. Watoto wachache sana huzaliwa nayo ikiwa imelala, na kwa macho ni vigumu kuwatambua mapema.

Namba ya mtoto wenu imesoma 34. Sisi tunapenda iwe chini ya 20. Naomba msishtuke. Kwa mujibu wa kadi, alizaliwa Ijumaa tarehe 7, saa mbili usiku, kwa hiyo tulipomtoboa alikuwa na umri wa saa kumi na nne tu. Siku ya kwanza ya maisha namba hii hupanda kwa watoto wote, halafu hushuka yenyewe. Tulipaswa kusubiri, ila mlisema mnarudi Bunda siku ileile na tukaogopa kuwapoteza. Wengi tunaowapima mapema namna hii huonekana wazima tukirudia.

Tunaomba mtoto aletwe Ijumaa tarehe 21 Juni, akiwa ametimiza wiki mbili.

Mnaandikiwa barua kwa sababu namba ya simu mliyotuachia ina tarakimu tisa. Nilijaribu kubahatisha ya kumi, nikampata mzee mmoja wa Tarime anayeuza mbuzi. Ana sauti nzuri lakini hana mtoto mchanga.

Wenu katika huduma,
Stellah Magige
Muuguzi


Bunda
Ijumaa, 14 Juni 2024

Nesi Stellah,

Assalaam aleikum. Kama wewe ni mtu wa kanisani, basi ipokee kama heri tu, zote zinafika kwa Mungu mmoja. Sisi huku ni wazima na tunanuka pilau ya jana.

Anayekuandikia ni Mwanaupe, fundi cherehani, mama yake Luqmani, yaani bibi wa mtoto uliyemtoboa. Barua yako nimeipokea mimi. Nilivyoona mhuri nikadhani ni ya mahakamani, nikaikalia kwanza nusu saa. Namba ya simu ni mimi niliyeitaja, na tarakimu iliyopotea siikumbuki hata sasa. Usihangaike nayo. Simu ni ya Luqmani, na yeye yuko nayo Murangi kwenye biashara ya dagaa, huko ukimpigia unausikia upepo wa ziwa tu. Ya Faudhia ilizama kwenye ndoo ya nepi. Mimi sikio moja limegoma kazi, na la pili linasikia linachotaka. Niandikie.

Sasa tuje kwenye "Mtoto wa Faudhia". Ana jina. Anaitwa Yunusu. Jana ilikuwa siku yake ya saba, tumemfanyia akika ya mbuzi wawili na jina limetajwa mbele ya watu. Majirani lakini wanamwita Dhahabu, kwa vile alizaliwa Kiabakari, na kila mtu anajua kule kulikuwa na machimbo.

Tulikuwa tunakuja kwenu Musoma Faudhia ajifungulie huko. Yunusu hakutaka kufika. Gari lilipofika Kiabakari Faudhia akanishika mkono akasema, "Mama, anatoka." Tukashuka kwa Yuliana, mama lishe wa barabarani, mwanamke ambaye amezalisha wenzake wengi kuliko sahani alizonazo. Nikaswali Magharibi kwenye chumba chake cha kuni, na saa mbili mtoto huyu hapa, usiku wa Ijumaa, usiku mtukufu. Tungetaka kuupanga tusingeweza. Adhuhuri Luqmani alikwenda msikiti wa palepale kuswali Ijumaa, akarudi amekumbatiwa kwa pongezi mpaka kanzu niliyoinyoosha imekuwa kama kitambaa cha jikoni. Mimi nilitaka twende Musoma mchana ule, Yuliana akanizuia mlangoni: "Mama, mzazi hajamaliza hata uji, unamburuza wapi? Hapa kwangu nilikuwaga nawalaza siku tatu!" Tukalala tena. Asubuhi tukaja kwenu, na ninyi mkamtoboa.

Nimelea watoto watano na sijapata mwenye adabu kama huyu. Halii. Ukimlaza, amelala, mpaka umwamshe anyonye, na akinyonya anasinzia na titi mdomoni. Nepi hatuchafulii ovyo, siku tatu nzima kimya. Akitoa sauti ni nzito, kama marehemu babu yake akiagiza chai. Ana umanjano kidogo machoni, tunamwotesha jua la asubuhi. Shingo nimempapasa mwenyewe, hana uvimbe wa rovu.

Kwa hiyo tezi yake ni salama, na wewe mwenyewe umeandika tusishtuke. Sisi hatujashtuka hata kidogo. Nimeongea na wazazi wake, wamekubali kwamba tutakuja mwezi ujao mwishoni, inshallah. Idd ni Jumatatu na juu ya meza hii nina kanzu kumi na tisa na mikono yangu ni miwili.

Wako,
Bi Mwanaupe


Kigera, Musoma
Jumamosi, 15 Juni 2024, alfajiri

Mdogo wangu Faudhia,

Barua hii nimemwambia Jofrey aiweke mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Jofrey ni jirani yangu hapa Kigera, ana Noah ya kwenda Bunda kila asubuhi.

Jana jioni nilipokea barua ya mama mkwe wako. Anaandika vizuri mno, nilicheka ukurasa mzima. Nilipogeuza wa pili nikaacha kucheka.

Kadi yetu inasema Yunusu alizaliwa Ijumaa usiku. Niliijaza mimi, Bi Mwanaupe akitaja. Kwenye barua anasema "usiku wa Ijumaa". Mimi nimekulia Butiama, na kwetu usiku wa Ijumaa ni Ijumaa ukishakula ugali wa jioni. Sasa Luqmani alipongezwaje adhuhuri ya Ijumaa kwa mtoto ambaye angezaliwa saa mbili usiku wake? Nikahesabu kwa vidole. Nikarudi nyuma siku saba kutoka siku ya akika, nikaangukia Alhamisi. Mwisho nikamgongea jirani yangu fundi viatu, ambaye ni Mwislamu, nikamuuliza usiku wa Ijumaa ni lini. Akanitazama kama nimeuliza ziwa liko wapi. "Nesi, usiku unatanguliaga. Jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia."

Kwa hiyo mtoto alizaliwa Alhamisi. Nilipomtoboa hakuwa na saa kumi na nne, alikuwa na saa thelathini na nane. Kwa umri huo namba ilitakiwa iwe imeshaanza kutulia, na 34 siwezi tena kuiita mshtuko wa kuzaliwa. Niliwaandikia msishtuke. Nalifuta neno hilo.

Na ile adabu anayoisifia bibi yake, kulala sana, kutolia, choo cha shida, sauti nzito, umanjano usioisha, ndiyo dalili tunazofundishwa kuzitafuta.

Naogopa, sitakuficha. Lakini dawa ipo, Faudhia. Ni kidonge kidogo kila siku, na mtoto anayekianza mapema anakua, anasoma, anakuwa mtundu kama wenzake. Anayechelewa akili yake inapungua na hairudi. Tunataka waanze kabla ya wiki mbili, na Yunusu leo ana siku tisa. Njoo leo. Jofrey atasimama mlangoni kwenu. Njoo na Bi Mwanaupe pia, mwambie kanzu zitasubiri.

Kama nimekosea hesabu, nitakuja Bunda kumwomba radhi mbele ya wateja wake wote.

Dada yako,
Stellah


Bunda
Alhamisi, 20 Juni 2024

Dada Stellah,

Shikamoo. Yunusu leo ni siku ya sita anakunywa dawa. Hajaitapika hata mara moja. Jana alifungua macho akaniangalia muda mrefu, nikajiona kama naonwa kwa mara ya kwanza.

Naandikia jikoni kwa sababu kuna jambo Mama hataki ulijue. Barua yako ya kwanza sikuwahi kuiona, wala Luqmani. Hakuongea na sisi. Jumamosi ile Jofrey aliposimama mlangoni na kusema, "Dada, nesi kasema nisiondoke bila wewe na mtoto, hata wakinifukuza," sikuelewa anasema nini. Nikasoma barua yako nimesimama. Mama alikuwa kwenye cherehani, ana pini mdomoni. Nilipofika kwenye maneno "niliwaandikia" nikamuuliza, aliandika nini, lini? Akatoa pini moja moja mdomoni, akafungua droo, akainua boksi la vifungo, akanipa barua ya chini yake. Akaacha kanzu mezani, akaja nasi. Uliona mwenyewe alivyokaa kwenye benchi, wakati wanatafuta mshipa, amemfunika mtoto macho na kumbe anajifunika yeye.

Siku mbili nilimkasirikia sana. Idd ilifika, kanzu zote zikachukuliwa, yeye pilau hakugusa. Sasa hasira imekwisha na ninamhurumia. Mama ambaye alikuwa anaongea na mteja, na redio, na cherehani, na paka, wote kwa wakati mmoja, sasa amenyamaza. Anakaa kando ya kitanda, na kila baada ya muda anamtikisa mtoto kidole. Nimemwambia sijamwekea kinyongo. Amejibu, "Nyuzi zimeisha," akatoka.

Kingine, Luqmani amerudi kutoka Murangi na anauliza. Kipimo cha kwanza mlisema si kitu, halafu mkasema ni kitu. Tutajuaje kwamba cha pili ndicho cha kweli? Tusije tukampa mtoto mzima dawa ya maisha.

Usimwambie Mama kwamba nimekuandikia.

Mdogo wako,
Faudhia


Kliniki ya Mama na Mtoto
Musoma
Jumatatu, 24 Juni 2024

Mama yangu Bi Mwanaupe,

Shikamoo. Barua hii nakuandikia wewe lakini ndani yake nawajibu Luqmani na Faudhia. Nakuomba uwasomee wewe, tena kwa sauti. Usimpe Faudhia akusaidie. Nataka isomwe na mtu mwenye sauti.

Luqmani, umeuliza swali zuri. Kipimo cha kisigino ni chekeche. Tunachekecha watoto wengi ili tuwapate wachache wa kuwaangalia vizuri. Wengi tunaowarudisha huonekana wazima, na mama zao hutusema njia nzima kwa kuwasumbua, nasi tunakubali kusemwa. Wachache sana nao hupenya chekecheni tusiwaone, hasa walio njiti, ndiyo maana mtoto akiwa na dalili tunampima tena hata kama karatasi ilisema salama. Ile damu ya mshipani tuliyochukua tarehe 15 si chekeche tena. Pale tunahesabu punje. Namba ya Yunusu ilikuwa imepita mia moja, na homoni ya tezi yenyewe ilikuwa kidogo mno. Hapo hakuna daktari angebisha. Dawa anaihitaji. Akifika miaka mitatu tutaangalia kama tezi imeamka; kama haijaamka, ataendelea nayo na maisha yake yatakuwa ya kawaida.

Mama, sasa nyamaza kusoma kwa sauti. Hii ni yako.

Karatasi ile ilisema kweli tangu mwanzo. Niliyekosea ni mimi. Nilikuuliza alizaliwa siku gani, ukanijibu sawasawa, nami nikaandika kitu kingine kwa sababu sikujua kwamba kuna watu siku yao inaanza jua likizama. Nimekaa na Waislamu mtaa mmoja miaka kumi na moja na sikujua. Nimeona aibu kubwa kuliko yako.

Najua kwamba ulificha barua. Sisemi ulifanya vyema. Lakini pima mwenyewe, wewe fundi. Barua uliyoificha ilikuwa inasema msishtuke mje tarehe 21. Barua uliyoiandika ndiyo iliyonifanya nimgongee mtu mlango. Ungekuwa mwanamke wa maneno machache, ungeniandikia "tumepokea, tutakuja," nami ningesubiri kwa amani huku Yunusu analala. Kanzu iliyokunjamana kwa pongezi ndiyo iliyomwokoa mjukuu wako. Kwa hiyo naomba urudi kuongea, tafadhali, maana kliniki yangu inakutegemea.

Nina kazi mbili za kukupa. Ya kwanza ni dawa. Isagwe kwenye kijiko kwa maziwa kidogo ya mama yake, kila asubuhi muda uleule, aimeze yote. Usiichanganye kwenye chupa. Mkono uliozoea kutunga uzi sindanoni haumwagi dawa.

Ya pili ni ngumu. Tunachapa kadi mpya na nataka tubadili lile swali la siku ya kuzaliwa. Nimeandika maswali manne na yote yananichanganya hata mimi. Nitafutie swali moja ambalo bibi wa Bunda na nesi wa Butiama watalielewa kitu kimoja.

Mwanao,
Stellah


Bunda
Jumatano, 3 Julai 2024

Mwanangu Stellah,

Nimesoma kwa sauti kama ulivyoagiza. Nilipofika pa "nyamaza kusoma" nilikuwa nimeshalipitia, nikalisoma na hilo, na yaliyofuata yote, mpaka mwisho, kwa kuwa ningesimama ningelia. Nikalia hivyohivyo. Luqmani akalia. Faudhia akasema naye anataka kulia lakini mtoto yuko mikononi. Kwa hiyo ujue siri zetu zote zimekwisha, pamoja na ya Faudhia kukuandikia jikoni. Nilijua. Peni ilikuwa inanuka vitunguu.

Nilificha kwa woga. Nilisoma "akili" na "tezi imelala" nikaona mbele yangu mtoto mmoja wa jirani yetu zamani, jina lake sitaliandika, aliyekua mwili bila kusema neno hata alipofika miaka kumi. Nikajiambia Yunusu si huyo. Nikaiweka barua chini ya vifungo ili isiwe kweli mpaka Idd ipite. Watu wazima tuna mambo ya kitoto sana. Nimemwomba Faudhia radhi, amenipa, ila mimi mwenyewe bado sijajisamehe.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Mwaka nilioolewa, futi yangu ya kitambaa iliungua kwa pasi ya mkaa, ikaliwa inchi ya kwanza. Sikuona. Nikawa nampima mtu kwa futi ile, nakata kwa rula ya mezani. Miezi miwili kila suruali ilitoka ndefu inchi moja, na kila mteja nilimwambia atarefuka. Nilimwambia hivyo hata mzee wa miaka sabini. Futi ilikuwa nzuri mpaka mwisho wake. Tatizo ni pale nilipokuwa naanzia kuhesabu. Kwa hiyo kosa lako nalijua, nimelivalisha nusu ya mji huu.

Swali lako hili hapa. Nililipata nikiwa nasaga dawa asubuhi.

"Baada ya mtoto kuzaliwa, kulipokucha ilikuwa siku gani?"

Magharibi yetu na yenu tunaweza kubishana, lakini kucha ni kumoja, Bunda na Butiama. Nimewajaribu wateja wangu wote wenye wajukuu. Wote wamejibu bila kufikiri, hata yule ambaye hukosea kiuno chake mwenyewe.

Na hili nimeliweka mwisho makusudi. Juzi Jumatatu Faudhia alikuwa anaanika nguo, akachelewa kumnyonyesha. Yunusu alilia. Si ile sauti ya babu yake kuagiza chai, hii ilikuwa nyembamba, kali, ya hasira, mdomo umefunguka mpaka fizi za nyuma zinaonekana. Tukakimbilia kitandani wote watatu, tukasimama pale tunamtazama, hakuna aliyemchukua. Faudhia akanyoosha mikono. Luqmani akamwambia, "Mwache kidogo tumsikie."

Wako,
Mwanaupe, bibi wa Dhahabu


Butiama
Alhamisi, 15 Agosti 2024

Mama Mwanaupe,

Niko nyumbani kwa mama yangu, nakula muhogo na kusemwa kwamba nimekonda. Majibu ya Yunusu ya mwezi huu nimeyabeba nikuandikie kwa nafasi. Namba iliyokuwa imepita mia moja sasa ni tatu. Tatu, Mama. Daktari ameichora duara akaandika pembeni "safi". Dozi ataongezewa kadiri anavyonenepa, na kwa picha aliyonitumia Luqmani naona atatumalizia vidonge vya mkoa.

Kadi mpya zimetoka. Swali lako lipo mstari wa pili, kama ulivyolitunga, sikugusa hata nukta. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye zahanati moja ya huku, akaja dada anaitwa Nyangi na mtoto wake wa kike. Nikamuuliza kwa mtindo wa zamani, kwa kujaribu tu: alizaliwa siku gani? Akasema, "Usiku wa kuamkia mnada, lakini mnada wenyewe ulikuwa umesogezwagwa." Nikaangalia dari. Nikamuuliza lako: kulipokucha ilikuwa siku gani? "Jumanne," akajibu haraka, na mume wake akaitikia Jumanne. Tukahesabu, mtoto alikuwa amefikisha siku mbili na saa tatu. Tukamtoboa kwa wakati wake, wakaenda zao, na jana namba ikarudi nne. Hakuna aliyeshtuka na hakuna aliyedanganywa asishtuke.

Mama yangu amesoma barua zako zote. Anasema kwetu siku inaanza jogoo akiwika, na kama kuna mtu wa Bunda anayebisha aje abishane naye ana kwa ana, atamchinjia huyo jogoo.

Mwanao,
Stellah


Bunda
Usiku wa Ijumaa
(kwenu bado ni Alhamisi, 5 Juni 2025)

Mwanangu Stellah,

Tarehe nimekuandikia mara mbili ili usije ukamgongea tena yule fundi viatu.

Nimetoka kuswali Magharibi sasa hivi. Idd ni keshokutwa, kanzu mwaka huu ni ishirini na tatu, na sijamaliza hata ya Luqmani. Sababu ni mtu mmoja. Saa mbili usiku huu anatimiza mwaka, kwa hesabu yangu ya Ijumaa hamsini na mbili. Anatambaa kwa kasi ya mtu aliyeitwa. Jana amesimama kwa kushika mguu wa cherehani, akaangusha boksi lote la vifungo, akakaa katikati yake anapiga makofi. Nimeokota vifungo mpaka kiuno kimeniambia basi. Ndani ya boksi nilikuta ile barua yako ya kwanza, yenye mhuri, niliyoirudishia humo. Safari hii nimemwachia, ameitafuna pembe moja, ile yenye "msishtuke".

Asubuhi nikishika kijiko anafungua mdomo mwenyewe kabla sijafika. Anasema "baba", anasema "paka", na mimi ananiita "Upe". Faudhia anamkosoa aseme bibi. Namwambia amwache, muda wa kukosoa upo mwingi.

Jumapili ya wiki ijayo njoo na mama yako. Na jogoo wake aje, akiwa mzima, tusikie anawika saa ngapi ndipo tubishane. Yuliana atatoka Kiabakari na sufuria zake, Jofrey amesema atawabeba wote.

Jambo la mwisho. Mchana leo jirani yangu wa ukuta wa pili, mwalimu mstaafu, amekuja kulalamika. Anasema mtoto wetu ana kelele, anaanza alfajiri, analia, anacheka, anapiga sufuria, yeye hapati usingizi, na anauliza kama hakuna namna ya kumtuliza. Nilimkaribisha, nikamwekea kiti, nikammiminia chai. Nikamwambia avumilie tu, mwalimu, kelele hizi tulizifuata Musoma kwa gari.

Wako,
Upe